Nani anaandika kama mchimbaji ni mulevi?

Ndugu wachimbaji, wamama munaotwanga mawe, na ninyi vijana munaotembea na dosye chini ya kwapa mukitafuta kazi ya ulinzi ao ya serikali, leo tunaongea juu ya neno moja linalofunga milango mingi hapa kwetu. Neno lenyewe ni «mulevi». Halina tampo, halina sinyatiri, halina tarehe. Linasemwa tu. Chef wa selile analisema mbele ya karani, karani anaweka bic chini, na kijana anarudi nyumbani bila karatasi. Kesho yake kazi imepewa mwingine.

Munajua ni karatasi gani tunazosema. Ukitaka kuingia mu polisi, ao kazi ya serikali, ao kuwa mulinzi ku kampuni inayotafuta zahabu, wanakuomba certificat de bonne conduite, vie et mœurs. Wanakuomba tena extrait de casier judiciaire. Ukitaka kushika baruti ku mine kubwa, kuwa boutefeu, hapo masharti ni makali zaidi: wanataka kujua wewe ni nani kabla ya kukuruhusu kugusa kitu kinachoweza kubomoa mulima. Ni haki yao. Mutu mwenye baruti, bunduki ao ufunguo wa depo ya zahabu lazima awe mutu wa kuaminiwa, na pombe ikimushika mutu inaweza kuvunja uaminifu huo. Hapo sindika na serikali tuko sauti moja.

Shida yetu iko pengine. Tunauliza nani anapima, na anapima na nini. Tunauliza tena: mutu aliyeacha pombe, ni lini ile jina itatoka ku mugongo wake?

Mwaka huu tulipokea ku biro yetu kijana mumoja, baba wa watoto watatu. Alichimba miaka minane upande wa Manguredjipa. Alikuwa anakunywa, na sana. Yeye mwenyewe hafichi. Sasa ni miaka miwili na nusu haonji hata tone. Bibi yake anashuhudia, pasteri wake anashuhudia, hata mama wa nganda aliyekuwa anamukopesha analalamika kama alipoteza kliyenti. Alipata nafasi ya kuwa mulinzi. Alipoenda kutafuta certificat, ofisi moja, ambayo jina lake tunaliacha, ilimujibu: «Mu kartie wanakujua.» Njo jibu lote. Hakupewa karatasi ya kukataliwa, hakupewa sababu iliyoandikwa, hakuonyeshwa mukubwa wa kuendea. Wiki ileile, mwenzake wa avenue ileile, mutu ambaye saa nne za asubuhi mudomo tayari unanuka, alitoka na certificat yake sababu aliweka kitu mu bahasha. Sasa huyo njo atasimama ku lango na silaha, na ninyi wote mutapita mbele yake mukitoka ku kazi.

Wakubwa wakisoma hii watasema sindika inatetea walevi. Hapana. Tunasema kama kipimo kisichoandikwa kinamukataa aliyepona na kinamuingiza aliye mugonjwa. Usalama wa nani unalindwa hapo?

Tutenganishe kwanza mambo mbili ambayo watu wanachanganya kila siku: karte ya mchimbaji na ile certificat.

Karte ya mchimbaji wa mukono iko mu Code minier, ile sheria ya 2002 iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Inaomba nini? Uwe Mukongomani, uwe mutu mzima wa miaka 18 ao zaidi, uwe memba wa koperative iliyokubaliwa, ulipe kinacholipwa, na uahidi kuheshimu usalama, usafi na mazingira. Anayeitoa ni Chef wa Division provinciale des Mines. Inadumu mwaka mumoja, na unaweza kuirudilia tena na tena. Mu masharti hayo hakuna swali la kama unakunywa siku ya Mungu kisha misa. (Sheria ileile inakataza wanajeshi, mapolisi, mahakimu na wafanyakazi wa serikali kuwa na karte hiyo. Munajua wenyewe ni wa nani mashimo mengine. Tuache hiyo kwa siku ingine.)

Lakini ile ahadi ya usalama njo mlango ambao pombe inapitia. Mutu anayeshuka akiwa amelewa, anayepiga nyundo pahali ukuta unalia, anayesahau kuangalia kamba, huyo havunji tu adabu, anavunja ahadi aliyoiweka sahihi. Kwa kosa la namna ile Code inaruhusu karte iondolewe. Inaruhusu namna gani? Mamlaka iliyotoa karte inakuandikia mise en demeure, inakupatia siku 30 za kujirekebisha, na ukikataa njo inaiondoa. Kisha hapo unakaa miaka 3 bila haki ya karte mupya. Ni azabu kubwa: miaka 3 kwa mutu ambaye hana kazi ingine ni watoto kutoka masomoni. Njo maana sheria imeweka zile siku 30, na imesema ni mamlaka iliyoitoa. Mupolisi wa bariere hana ruhusa hiyo, wala chef wa kilima, wala PDG mwenye shimo aliyekasirika juu ulimudai sehemu yako ya mchanga. Mutu akikunyanganya karte ku njia akisema «unanuka pombe», ujue hakuondoa karte. Alikuibia tu.

Kwa wale walio na kontra ku kampuni, sheria yao ni Code du travail ya 2002. Mufanyakazi ambaye kwa uzembe wake anaweka usalama wa kazi ao wa wenzake mu hatari, hiyo inahesabiwa faute lourde, na anaweza kufukuzwa. Kuja umelewa ku mashine ao karibu na baruti kunaingia pale bila shida. Lakini sheria ileile inasema hakuna kufukuza mutu bila sababu ya kweli, na sababu inaandikwa. Inchi yetu iliweka tena sahihi ku mapatano ya kimataifa nambari 158 juu ya kufukuza watu ku kazi, mwaka 1987. «Tumesikia unakunywa» si sababu. «Tarehe fulani, saa fulani, ulipimwa, ikaonekana hivi, na fulani walishuhudia», hiyo ni sababu.

Ile certificat sasa, njo inayosumbua. Jina lake lenyewe ni pana sana: mwenendo, maisha na tabia. Ndani ya neno «tabia» unaweza kuweka kila kitu: pombe, wanawake, deni la kiosque, ugomvi na jirani juu ya mupaka wa shamba. Karani hana muda wa kuchunguza, basi anamuuliza chef wa selile. Chef naye anajua nini? Anajua alichokiona miaka mitano iliyopita, ao alichoambiwa.

Wazee wetu waliona jambo kama hili mbele yetu. Mwaka 1948 Wabelgiji walianzisha carte du mérite civique, na mwaka 1952 wakaongeza immatriculation. Mwafrika aliyetaka kuhesabiwa kama mutu wa maana lazima aonyeshe kama hana kosa ku tribinali, hana bibi wa pili, anajua kusoma na kuandika. Watu wa komisyo walipita nyumbani kutazama namna familia inaishi, meza, vyombo, hata choo. Patrice Lumumba, wakati alikuwa karani wa posta kule Stanleyville, aliomba immatriculation, wakamukatalia mara ya kwanza. Aliipata mwaka 1954. Kisha miaka kidogo alikuwa Léopoldville akiuza bia ya Polar, na kisha tena akawa Premier ministre wa kwanza wa inchi hii. Sijui kama leo ofisi zetu zingine zingemupatia certificat. Ninachotaka muone ni hiki: kale komisyo ilikuwa angalau na masharti yaliyojulikana, hata kama yalikuwa ya kutudharau, na Lumumba alikuwa na mlango wa kurudi kugonga. Leo hatuna komisyo, hatuna masharti, na mlango wa kurudi kugonga hatuuoni.

Tuangalie mbali kidogo. Kule Marekani, serikali inapotaka kumupa mutu ruhusa ya kusoma siri zake za ulinzi, inachunguza maisha yake, na pombe ni kati ya mambo inayotazama. Kuko agizo lililoanza kutumika tarehe 8 Juni 2017, na sehemu yake ya G inaongea juu ya pombe tu. Imeandikwa wazi ni nini inaleta mashaka: kuendesha gari umelewa, kupigana juu ya pombe, kuja ku kazi umelewa, muganga kusema kama uko na ugonjwa wa pombe, kukataa kufuata matunzo uliyoagizwa. Na chini yake, ku karatasi ileile, imeandikwa ni nini inaondoa mashaka: wakati mrefu umepita, mutu anakubali kama alikuwa na shida na ameonyesha alichofanya ili aishinde, amemaliza matunzo na ameonyesha kama ameacha ao amepunguza kama alivyoshauriwa. Mu fomu wanayojaza hawaulizi tu «unakunywa?». Wanauliza: mu miaka 7 iliyopita, pombe iliharibu kazi yako, nyumba yako, makuta yako, ao ilikufikisha ku polisi? Na mutu akikataliwa anaandikiwa sababu, naye ana haki ya kujibu.

Sisemi Marekani ni paradizo, na mulinzi wa depo ya Butembo hachungi siri za bomu. Lakini muone tofauti. Kule mambo makubwa kabisa ya taifa yanamuachia mulevi aliyepona njia ya kurudi. Hapa kwetu, juu ya kazi ya kusimama ku lango na fimbo, kijana anafungiwa maisha yote na neno la jirani.

Kuko tena shida ya casier. Mu Mei 2021 tuliwekwa chini ya état de siège, na mashtaka ya jinai ya raia yalipelekwa ku korti za kijeshi. Ugomvi wa nganda ambao zamani ulimalizwa na wazee pamoja na faini kidogo uliweza kumupeleka kijana mbele ya hakimu mwenye uniforme. Akihukumiwa, anatoka na alama ku karatasi. Wazazi, muambie watoto wenu: chupa zilizokunywewa usiku mumoja zinaweza kukaa ku casier yake mpaka siku anatafuta kazi ya kulisha wajukuu wenu.

Sasa tuongee pombe yenyewe, maana tusipoongea ukweli ule wakubwa watakuwa na haki ya kutuziba mudomo.

Ku mashimo watu wanakunywa. Wanakunywa kasikisi, wanakunywa kanyanga, wanakunywa vile vifuko vidogo vinavyouzwa pembeni ya shimo kama bonbon. Wanasema ni juu ya baridi. Ni uongo wa mwili: pombe inaleta damu ku ngozi, unajisikia moto, kumbe ndani unapoteza joto. Wanasema ni juu ya woga. Hiyo ni kweli zaidi. Mutu anayejua kama udongo wa wakati wa mvua hautoi habari mbele ya kuanguka, na kama ku njia ya kurudi nyumbani anaweza kukutana na wenye mapanga, huyo mutu anatafuta kitu cha kunyamazisha kichwa. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanazika, na Lubero pia imeingia mu kilio hicho. Wengi wetu tuko na maiti mu macho. Anayeshangaa kama tunakunywa hajalala Manguredjipa.

Na kuko sababu ya makuta, ambayo watu wanaogopa kuisema. Pengine mwenye nganda, mwenye kununua zahabu na mwenye kukopesha chakula ni mutu mumoja. Anakupatia chupa leo, unamulipa na zahabu kesho kwa bei yake. Deni ya pombe inakufunga ku shimo lake kuliko kamba. Huyo hatawahi kuandikwa mulevi mu kartie. Ni «mufanya biashara».

Lakini hesabu ya damu haina huruma. Chupa kubwa ya bia, sentilita 72 na alkoli 5%, ina karibu gramu 28 za alkoli tupu. Mwili wa mutu mzima unachoma karibu gramu 8 kwa saa, mwingine zaidi kidogo, mwingine chini kidogo. Ni kusema chupa moja inaomba saa tatu na nusu. Mutu aliyeanza saa mbili za usiku na akakunywa chupa nne, pombe itaisha mu damu yake karibu saa nne za asubuhi. Saa kumi na mbili, wakati anashuka, anasema «nililala, niko muzima», kumbe zaidi ya chupa moja bado inatembea mu mishipa. Kahawa haiharakishi, maji ya baridi haiharakishi, pilipili haiharakishi. Na hiyo ni bia, ambayo kiasi chake kimeandikwa ku chupa. Kanyanga hakuna anayejua ina ngapi, na ile iliyopikwa vibaya inaweza kuwa na sumu inayopofusha macho.

Majirani walifanya kitu. Tanzania ilikataza viroba tangu tarehe 1 Machi 2017. Uganda nayo ikakataza vifuko vya pombe mwaka 2019. Haikumaliza ulevi, watu walihamia ku chupa ndogo, lakini angalau mutoto wa miaka kumi na mbili hanunui tena pombe kwa bei ya biskwiti. Kwetu vifuko bado vinaonekana mbele ya mashimo, na wanaovipitisha ku barabara hawaulizwi certificat yoyote.

Basi tunataka nini? Tunataka kipimo, kiwe kwa wote, na kiandikwe.

Watu watasema wachimbaji hawatakubali kupimwa. Ninawajibu: mulisahau Ebola? Ilipotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, mpaka ilipotangazwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020, tulipimwa joto ku kila bariere. Thermoflash ku kipaji, osha mikono, pita. Walipimwa wachimbaji, walipimwa wakubwa wa muji, walipimwa maaskofu. Ni kweli, kwanza tulikataa, na mu Februari 2019 CTE ya Katwa na ile ya Butembo zilishambuliwa na kuchomwa. Ilikuwa wakati mbaya. Ni nini ilileta watu polepole kukubali? Waliona kama kila mutu anapimwa. Waliona tena kama mwenye joto hapelekwi ku kasho, anapelekwa kwa muganga. Pale watu walipotendewa na matusi walikataa, na pale walipoelezwa walinyoosha kipaji.

Aparey ya kupuliza inayopima pombe si uchawi. Ku kampuni kubwa za mine watu wanaijua. Koperative zetu zinaweza kununua moja kwa shimo kubwa, kwa makuta ambayo zinakata kila wiki bila kutueleza yanaenda wapi. Anayeshuka apulize. PDG apulize, mupolisi wa mines apulize, ajenti wa SAEMAPE anapokuja kutembelea apulize pia. Bureau international du Travail, mu mwongozo wake wa mwaka 1996 juu ya pombe ku kazi, imesema wazi kama makatazo yawe yaleyale kwa wakubwa na kwa wafanyakazi. Imesema tena kama ugonjwa wa pombe utazamwe kama ugonjwa mwingine wowote, bila kumubagua mutu.

Anayekutwa na pombe hashuki siku hiyo. Anaenda kulala, anapoteza siku yake, inaandikwa. Ya pili, anaitwa pamoja na mutu mumoja wa familia na mumoja wa sindika. Ikiendelea, anapewa chaguo: matunzo, na nafasi yake ku shimo inangojea, ao njia ya mise en demeure kama Code inavyosema. Hayo yote yawe mu règlement intérieur ya koperative, isomwe kwa Kiswahili na kwa Kinande mbele ya watu, si kufungiwa mu kabati ya prezida.

Neno kwa wamama na watoto, juu ni ninyi munaobeba mzigo huu usiku. Mutu aliyekunywa sana kwa miaka mingi asiachishwe kwa siku moja kwa nguvu. Musimufungie mu chumba musema atashinda kwa maombi peke yake. Maombi ni mazuri, lakini mwili uliozoea pombe ukinyimwa gafla unaweza kutetemeka, kuona vitu ambavyo haviko, kuanguka kifafa, na hata kufa. Mumupeleke kwanza kwa muganga, mumwambie ukweli alikuwa anakunywa kiasi gani na tangu lini. Na muombe karatasi ya matunzo. Wengi wanaogopa karatasi hiyo, wanafikiri itakuwa alama ya haya. Sisi tunataka iwe kinyume: siku anatafuta certificat, ile karatasi ya muganga inayosema «alitunzwa, alimaliza, anafuatwa» ipite mbele ya maneno ya kartie.

Kwa hiyo tunawaomba wakubwa wa muji, na komini zote ine, Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba, waandike ku mlango wa ofisi ni nini inaangaliwa mbele ya kutoa certificat, bei yake halali ni ngapi, na anayekataliwa anajibiwa kwa maandishi mu siku ngapi. Kama pombe ni sababu, iandikwe ni tukio gani na la tarehe gani. Ikiwa limepita miaka miwili bila lingine, lisihesabiwe tena. Miaka miwili ni pendekezo letu. Wakileta tatu tutajadiliana. Ambayo hatutajadiliana ni sifuri ya karatasi.

Division des Mines na SAEMAPE nao tunawaomba kitu kirahisi: wakumbushe mapolisi wa mines ku bariere kama hawana ruhusa ya kushika karte ya mutu. Barua moja ya ukurasa mumoja ingetosha.

Wakati tunangojea, fanyeni hivi. Ukikataliwa kwa mudomo, rudi kesho yake na barua fupi: jina lako, tarehe uliyoomba, na ombi la kupewa sababu kwa maandishi. Uandike mbili, uache moja, na ile ingine waipige tampo ya kupokea. Wakikataa kupiga tampo, andika wewe mwenyewe tarehe, saa na jina la ofisi, na mutu aliyekusindikiza aweke sahihi. Karte ikinyanganywa ku bariere, angalia nambari ku uniforme, usipigane. Yote mawili, ulete ku biro ya sindika pamoja na kopi ya karte na, kama iko, karatasi ya muganga. Hatuwezi kusimama mbele ya Division na masikio peke yake. Tunahitaji karatasi za kuweka juu ya meza, na mpaka sasa tuko nazo chache sana.